Tumfahamu Keremkerem: Hotuba kwa Wafugaji Nyuki wa Tabora

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa chama, wazee wangu mliotundika mizinga ya magome kabla mimi sijazaliwa, walimu, na vijana mliofika leo, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa kuzungumza juu ya ndege ambaye katika mikutano yetu hutajwa kwa ubaya tu. Kila inapofika ajenda ya hasara za manzuki, nyegere hutajwa wa kwanza, moto kichaa hufuata, na kabla siafu hawajafikiwa huinuka mtu akasema kwamba kuna ndege wa kijani wanaomaliza nyuki, na kwamba chama kingefanya vyema kuwagawia vijana manati. Sikuja kumtetea keremkerem kwa sababu ya sura yake, ingawa uzuri wake hauna ubishi. Nimekuja kueleza yeye ni nani, jamaa zake ni akina nani, anaishi vipi na anakula nini hasa, ili kikao hiki kikiamua jambo juu yake, kiamue juu ya ndege kinayemjua.

Wataalamu wa ndege wamewaweka keremkerem wote katika familia moja iitwayo Meropidae, yenye spishi zinazokaribia 30. Familia hiyo ina ujamaa wa mbali na mdiria na chole. Australia ina spishi moja, Asia ina kadhaa, Ulaya ina moja inayojulikana sana, na zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, ni za Afrika. Ukimwona mmoja umeshapata alama za kuwatambua karibu wote: mdomo mrefu mwembamba uliopinda kuelekea chini, mstari mweusi unaopita kwenye jicho, mabawa marefu yaliyochongoka, na miguu midogo dhaifu ambayo haifai sana kwa kutembea. Dume na jike hufanana kiasi kwamba hata mtazamaji mzoefu mara nyingi hawezi kuwatofautisha. Rangi ndizo zinazotenganisha spishi, na hapo ndipo familia hii inapowashinda ndege wengi wa bara letu.

Tuanze na anayeonekana zaidi hapa kwetu, keremkerem mdogo. Ana uzito wa gramu 15 hivi, mgongo wake ni wa kijani, koo ni la njano, na chini ya koo pana utepe mweusi, kisha kifua cha rangi ya hudhurungi inayofifia tumboni. Hukaa chini sana, juu ya bua la mtama au kijiti kisichozidi kimo cha mtu, wawili wawili, na jioni huweza kubanana bega kwa bega juu ya tawi moja, mstari mzima, wakalala hivyo. Ndani ya miombo yetu yupo pia keremkerem mkia-panda, mwenye koo la njano, utepe wa buluu kifuani, na mkia uliogawanyika ncha mbili. Hao wawili si ndege wa makundi makubwa, na mfugaji anayewaona kando ya manzuki yake huwa anaona jozi moja au familia moja tu.

Wa makundi ni wengine. Kuanzia Septemba hadi Novemba, na tena mwezi Machi na Aprili, anga la Afrika Mashariki hupitiwa na keremkerem wa Ulaya, wanaozaliana Hispania, Italia, Uturuki na kwingineko kaskazini, kisha hukimbia baridi na kuja Afrika. Mara nyingi utawasikia kabla hujawaona, maana hupiga mlio wa kukokoteza huku wakiruka juu sana, wakiitana ili kundi lisitawanyike. Wakishuka utaona utosi na mgongo wa hudhurungi, mabega yenye rangi ya dhahabu, koo la njano na tumbo la samawati, vyote katika ndege mmoja. Mwaka 2022 jozi chache zilipotea njia zikazaliana katika machimbo ya zamani huko Norfolk, Uingereza, na umati wa watu ulisafiri kwenda kuwaangalia kutoka mbali kwa darubini. Sisi wanatupitia juu ya vichwa kila mwaka, na wengi wetu hatuinui hata macho.

Kuna pia keremkerem wekundu, ambao ni miongoni mwa wakubwa wa familia hii. Wa kusini huzaliana katika kingo za mito kama Zambezi na Luangwa, maelfu pamoja, kisha baada ya msimu huo hutawanyika, na baadhi yao hupanda kaskazini mpaka Tanzania. Ukihesabu na manyoya mawili marefu ya katikati ya mkia, urefu wake hufika sentimita 38. Ndugu yake wa kaskazini huzaliana katika ukanda unaotoka Senegal hadi Somalia, na msimu wake wa kuzaliana ukiisha huteremka mpaka pwani ya Kenya na Tanzania. Pale Mida Creek, karibu na Watamu, huja jioni kulala katika mikoko, na miti hiyo ya kijani hugeuka nyekundu machoni pa mtazamaji. Huyu ana akili ya pekee ya kutafuta chakula: hupanda mgongoni mwa tandawala au mbuni, akasafiri naye nyikani, na kila panzi anayefurushwa na hatua za mwenyeji wake humwona kwanza. Moto wa nyika nao humvuta kutoka mbali, si kwa sababu anaupenda moto, bali kwa sababu wadudu wanaoukimbia huwa hawana pa kujificha.

Waliobaki nitawapitia haraka. Kando ya Rufiji, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yupo keremkerem wa Böhm, aliyepewa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyesafiri katika nchi hizi kukusanya ndege akafia Katanga mwaka 1884. Katika nyanda za juu za Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na kaskazini mwa Tanzania yupo mwenye kifua cha rangi ya mdalasini, anayechimba kiota katika kingo za barabara zilizochongwa na greda. Kwenye mafunjo ya kandokando ya Ziwa Victoria yupo mwenye kifua cha buluu. Na wenye ndugu Oman watawaambia kuwa huko nako bustani za mitende zina keremkerem wao wa kijani, ambaye haondoki mwaka mzima.

Sasa niende kwenye lile lililotuleta, yaani namna anavyomla nyuki. Ningeomba kila mmoja wetu atenge muda aangalie jambo hili kwa macho yake, kwa sababu hufanyika waziwazi na kwa sekunde chache. Ndege hukaa kwenye kijiti chake akigeuza kichwa huku na huku. Akimwona mdudu anayeruka, huchomoka, humnasa hewani kwa ncha ya mdomo, na hurudi kwenye kijiti kile kile. Urefu wa mdomo wenyewe ni kinga, kwa kuwa humweka nyuki mbali na macho na uso. Kwanza humpigiza nyuki kichwa juu ya kijiti, mara kadhaa, upande mmoja. Kisha humgeuza mdomoni mpaka amshike karibu na ncha ya tumbo, hufumba macho, na huanza kulisugua tumbo lile kwa nguvu juu ya kijiti, mpaka sumu itoke na mara nyingi mwiba nao ung'oke. Macho hufumbwa kwa sababu sumu hiyo huruka. Baada ya hapo humpigiza tena, humrusha kidogo, humeza. Mdudu asiye na mwiba, kama kereng'ende au panzi, hapati usumbufu wa kusuguliwa. Hupigwa tu na kumezwa. Mabawa na magamba magumu yasiyosagika huyatapika baadaye yakiwa kidonge kidogo cheusi, na vidonge hivyo ndivyo vinavyowawezesha wataalamu kujua kwa uhakika alikula nini, kwa kuvivunja na kutenganisha vichwa na mabawa yaliyomo.

Tazameni jambo moja katika maelezo hayo. Keremkerem humfuata mdudu aliye hewani, na mara nyingi mdudu akishatua humwacha. Haingii mzingani, hadonoi sega, hali mabuu, wala hagusi asali. Nyegere akipita usiku mmoja, mzinga umekwisha. Keremkerem huchukua nyuki mmoja mmoja, na wanaochukuliwa ni wale walio nje, nao kwa kawaida ni vibarua wazee, kwa kuwa katika maisha ya nyuki kibarua kazi ya kwenda mauani huja mwishoni, akiwa amebakiwa na muda mfupi. Mzinga wenye nguvu una makumi ya maelfu ya nyuki, na katika msimu wa maua malkia hutaga zaidi ya mayai 1,000 kwa siku. Jozi moja ya keremkerem wadogo haiwezi kuushinda uzazi wa namna hiyo.

Zaidi ya hayo, chakula chake si nyuki pekee. Anakula kumbikumbi, nzi, mende, vipepeo, kereng'ende na panzi, na anakula nyigu kwa wingi, wakiwemo nyigu wa jamii ya Philanthus, ambao humkamata nyuki kibarua, humchoma mwiba wa kumlemaza, na humzika shimoni awe chakula cha mabuu wao. Katika daftari letu la hasara nyigu huyo hayumo, kwa sababu ni mdogo, hana rangi za kuvutia jicho, na anafanya kazi yake bila mtu kumwona.

Hata hivyo sitawaficha upande wa pili, maana wazee mliopo hapa mngenibana kwa maswali. Kuna nyakati mbili ambapo malalamiko ya mfugaji ni ya haki. Ya kwanza ni pale malkia kijana anapotoka kwenda kupandwa na madume angani. Akinaswa katika safari hiyo, mzinga wake hubaki bila malkia, na mwenye mizinga amepata hasara ya kweli kwa ndege mmoja na safari moja. Ya pili ni pale kundi kubwa la wapita njia linapokaa juu ya manzuki kwa siku kadhaa, hasa wakati wa ukame, ambapo mizinga imeshadhoofika na maua hakuna. Hapo nyuki hujifungia ndani, hawatoki, na kazi husimama. Ndiyo maana nasema kwamba dawa ni kupanga kazi. Anayetaka kugawanya makundi au kulea malkia wapya asifanye hivyo katika majuma ambayo makundi yanapita. Mizinga itundikwe ndani ya kivuli cha miti, ambapo nyuki huruka chini ya matawi, badala ya kuiweka ukingoni mwa uwanja wazi wenye nyaya za umeme au mti mkavu mbele ya mlango, kwa sababu waya na mti mkavu ni kiti cha ndege huyu. Kuwapiga wapita njia kwa manati ni kazi isiyo na mwisho: wa leo ukiwaua, kesho anga litaleta wengine ambao hawajasikia habari ya manati yako.

Nimesema ya chakula. Maisha yao ya nyumbani yananivutia zaidi, na naomba mnivumilie kidogo.

Keremkerem wote hutaga ardhini, ndani ya tundu wanalolichimba wenyewe katika ukingo wa mto, ukuta wa korongo, au hata uwanja tambarare wenye udongo wa kichanga. Dume na jike hubadilishana zamu: mdomo hulegeza udongo, na ile miguu niliyosema kuwa ni dhaifu huutupa nyuma. Tundu la keremkerem mdogo hufika mita moja hivi, na la wekundu wakubwa huweza kuzidi mita mbili. Mwishoni pana chumba kisicho na majani wala manyoya, na ndani yake hutagwa mayai meupe ya mviringo. Hawa wadogo wakati mwingine huchimba katika dari la shimo la muhanga, wakapata nyumba ndani ya nyumba. Mayai huatamiwa kwa majuma matatu hivi, na makinda hukaa gizani karibu mwezi mmoja zaidi. Kwa kuwa hayaanguliwi siku moja, chakula kikipungua yule mdogo wa mwisho ndiye anayekufa kwanza.

Aliyechunguzwa kwa kina kuliko wote ni keremkerem paji-jeupe, mwenye koo jekundu na paji la uso jeupe, na uchunguzi huo ulifanyika jirani hapa, katika eneo la Nakuru nchini Kenya, katika miaka ya 1970 na 1980. Stephen Emlen na Peter Wrege wa Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na wenzao, waliwawekea ndege alama, wakawafuatilia mmoja mmoja kwa miaka, mpaka wakaweza kusema huyu ni mjomba wa yule. Waligundua kwamba ndege hawa wanaishi kwa koo. Koloni moja ina koo kadhaa, kila ukoo una babu, bibi, watoto na wajukuu, na kila ukoo una eneo lake la kuwinda, pengine kilomita kadhaa kutoka kwenye viota. Jike akiolewa huhamia kwenye ukoo wa dume. Katika nyumba nyingi wenye mayai hawalei peke yao, bali husaidiwa na ndugu ambao mwaka huo hawana watoto au wamepoteza wao, na msaidizi huyo humchagua wa karibu zaidi kwa damu. Mkwe aliyeolewa hapo, ambaye hana ndugu wa damu katika ukoo ule, kwa kawaida hajishughulishi na watoto wa mashemeji. Kina mama wengine hapa wanacheka, nami sitauliza kwa nini.

Lakini lililowashangaza watafiti hao zaidi ni mwenendo wa baba. Kijana wa kiume anapoanza nyumba yake, baba yake huweza kumfuata na kumsumbua: humzuia kuingia tunduni, hujitia kati anapotaka kumlisha mkewe, huja kumwomba chakula, mpaka kijana huyo anaachana na kiota chake na kurudi kumsaidia baba kulea wadogo zake. Na mara nyingi hurudi bila ugomvi mkubwa, kwa sababu ndugu wa tumbo moja wana damu naye sawa na watoto ambao angewazaa mwenyewe. Mambo haya yaliandikwa katika jarida la kisayansi mwaka 1992, na mpaka leo yanafundishwa vyuoni penye masomo ya tabia za wanyama.

Keremkerem naye ana adui anayewahusu warina asali moja kwa moja. Yule ndege anayewaongoza watu porini mpaka kwenye nyuki, ambaye Wahadzabe humwitikia kwa mluzi, hatengenezi kiota. Jike lake hutaga katika matundu ya ndege wengine, na keremkerem mdogo ni miongoni mwa wanaofanyiwa hivyo. Kinda la mgeni huanguliwa likiwa na ndoano mbili kali mdomoni, na kabla halijafumbua macho huwauma na kuwaua makinda wa mwenye nyumba, kisha wazazi hao hulilisha lenyewe mpaka liruke. Claire Spottiswoode na mwenzake walilirekodi jambo hili kwa kamera ndani ya matundu huko Zambia, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Kwa hiyo anayependekeza tumpende kiongozi wetu wa asali na tumwue keremkerem ajue kwamba anabomoa nyumba anamolelewa kiongozi huyo.

Hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko yote niliyosema. Keremkerem hafi kwa manati hasa. Anakosa ukingo wa kuchimba. Mchanga wa mito yetu unachimbwa kwa ajili ya ujenzi, na lori halichagui ukingo wenye matundu na usio nayo. Katika maeneo yetu haya ya kusini mwa Ikweta, wengi wao hutaga katika miezi ya mwisho wa kiangazi, kuanzia Agosti hivi hadi mvua za kwanza, na miezi hiyo ndiyo mito imekauka na wachimba mchanga wana kazi nyingi. Ukingo ukiporomoshwa mwezi wa Oktoba, huporomoka na makinda ndani. Sumu zinazopuliziwa mashambani ni shtaka jingine, lakini hilo mnalijua kuliko mimi, maana sumu inayoua wadudu wa keremkerem ndiyo hiyo hiyo inayoua nyuki wenu.

Naomba, Mwenyekiti, kikao kiyafikirie mambo matatu. Suala la manati liondolewe katika mapendekezo ya mwaka huu. Pili, wanachama ambao mashamba yao yanapakana na Mto Ugalla na vijito vyake wazungumze na serikali za vijiji, ili kingo zenye matundu zisichimbwe kuanzia Agosti mpaka mvua zitulie. Mchanga upo sehemu nyingine za mto huo huo. Na tatu, katika daftari la manzuki, kando ya tarehe ya kukagua mizinga na kiasi cha asali kilichorinwa, kila mmoja aongeze safu moja ya keremkerem: tarehe aliyowaona, walikuwa wangapi, walikuwa wakikaa au wakipita, na nyuki walikuwa wakitoka au wamejifungia. Picha za spishi sita kati ya nilizozitaja nimezibandika ukutani karibu na mlango, na mwenye kalamu anaweza kunakili majina yake kabla ya chakula. Madaftari hayo tuyalete katika mkutano wa mwakani, tuyasome pamoja na hesabu za asali za kila manzuki.